Kichwa cha Kuazima

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Katika mji huu wa Durban nililala chini ya daraja na mfuko mmoja wa plastiki, nikalinda magari ya watu kule ufukweni kwa sarafu, nikabeba mizigo hadi mgongo ukasahau kunyooka. Leo iko malori manne yanayoingia na kutoka bandarini na jina langu mlangoni, na nyumba Queensburgh yenye bwawa la kuogelea. Siogelei, kwa sababu sikujifunza, lakini bwawa liko. Shule niliiachia darasa la tano, katikati ya mwaka, na waliomaliza shule mimi ndiye ninawalipa mshahara. Nimeona mchungaji akikimbia na sadaka ya mwaka mzima. Nimeona mwalimu wa hesabu akiuza soksi kwenye robot, taa za barabarani. Kwa hiyo mtu asije kwangu na habari akitegemea nitafungua mdomo.

Lakini pua ni kitu kingine. Pua haisikii majivuno ya mtu. Juzi nilikwenda Greyville kumwona fundi wa breki, nikapita mbele ya duka la mama mmoja wa kwetu, na huko nyuma alikuwa anachemsha mawese. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu ile, mafuta yakiwa peke yake kwenye sufuria, kabla kitunguu hakijaingia, wekundu ukianza kufa na moshi ukianza kukwaruza koo. Nilisimama na ufunguo wa gari mkononi kama mjinga. Harufu ile ndiyo ya siku niliyofanywa askofu.

Ndiyo, askofu. Ngojeni kwanza kucheka.

Kwetu ni milimani, upande wa Kongo ambako ukungu wa asubuhi unaingia hadi chini ya kitanda. Baba yangu alikuwa mchungaji, na sisemi wachungaji wa siku hizi wa miwani ya jua na kipaza sauti. Kanisa alilijenga mwenyewe. Udongo aliukanyaga kwa miguu yake, tofali alizichoma mwenyewe, na viganja vyake vikawa na ngozi ngumu ambayo akikushika shavu unasikia kama gome la mti. Makanisa saba ya milima ile yalikuwa yamekubaliana kwamba baba ndiye awe askofu wao wa kwanza. Hata kanzu ilikuwa tayari, ya zambarau. Mama aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya kitambaa, akakaa na fundi juma zima, akaiweka ndani ya sanduku la bati pamoja na majani ya mkalitusi ili mende waiogope. Mimi niliruhusiwa kuigusa kwa kidole kimoja, baada ya kunawa.

Sasa kanisa lilikaa juu ya ardhi ya mwami, kama kila kitu kwetu, hata makaburi. Mwami, mfalme wetu, alikuwa anakaa barazani pake siku ya Jumapili akiona watu wanapita na vikapu vya maharagwe vichwani, hawasimami kwake, wanakwenda kwa baba. Akauliza askofu ni mtu wa namna gani. Wakamwambia ni mkubwa wa wachungaji wote, ana kiti chake, fimbo yake na pete yake. Mwami akasema kwamba kiti, fimbo na pete katika nchi ile ni vya ukoo wake. Akamtaja mwanawe, Pacifique.

Kwetu wanasema mwami wa kweli anazaliwa na mbegu mkononi. Kaka yake Pacifique ndiye aliyezaliwa nazo, ndivyo walivyotangaza, na ufalme ulikuwa wake. Pacifique alizaliwa na mkono mtupu, basi wakawa wanamtafutia cha kushika.

Alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi kumi na mmoja. Nilimjua vizuri kwa sababu tulicheza naye mpira, kama kule kunaitwa kucheza. Akija na mpira, golikipa alikuwa anahama mlangoni na kujifanya amejikwaa. Wakati mwingine alipiga nje hata hivyo, na ilitubidi tusogeze mawe ya goli. Darasani alikuwa wa kwanza kila muhula, na jina lake mwenyewe alikuwa analiandika kwa makosa mawili. Siku ya ubatizo wake alitoka majini mbio kabla baba hajamaliza maneno, akajificha nyuma ya shangazi yake analia kwamba mto ni baridi. Huyo ndiye walitaka awe baba wa makanisa saba.

Aliyeleta habari alikuwa kapita wa mwami, mjumbe wake, mtu mrefu mwenye koti la mvua hata kiangazi. Mimi nilikuwa napukuchua mahindi mlangoni.

"Mchungaji, mwami anakusalimu," akasema. "Jumapili ya mavuno utamfanya mtoto awe askofu."

"Mtoto gani?"

"Mtoto. Kwani iko wangapi?"

Baba akasema polepole, "Huyo hata ubatizo haukuisha. Alinikimbia."

"Maji si alishaonja? Mtamalizia mbele ya safari."

"Na nikisema hapana?"

Kapita aliangalia paa letu, akaangalia kanisa ng'ambo ya uwanja, akaangalia migomba. "Habari ya hapana mwami hakunituma. Alisema tu ardhi ile ya kanisa ingefaa sana mihogo."

Alipoondoka, mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Kanzu yangu haitoki ndani ya sanduku."

"Mama Bahati, kanisa lina watu," baba akamwambia. "Wakasali wapi, ndani ya mihogo?"

"Wakasali kwake. Si ndiye askofu."

 Baba alichukua hindi moja kwenye rundo langu akaanza kupukuchua na yeye. Nakumbuka sauti ya punje zikianguka kwenye ungo, na kwamba alikosea, akachanganya za mbegu na za kula.

Ndipo likatokea jambo ambalo lingeweza kutokea kwetu tu, na mahali pengine popote watu wangeona aibu. Kitabu cha kanisa kinasema askofu anafanywa kwa kuwekewa mikono kichwani na kupakwa mafuta. Sheria ya ukoo wa mwami inasema kichwa cha mtoto wa mwami hakiguswi na mtu wa chini. Hata kinyozi wake lazima awe mjomba. Na mwenye haki ya kuweka mikono milimani kote alikuwa mmoja, baba yangu, mtoto wa mfinyanzi.

Wazee walikaa siku tatu kanisani. Walikula kuku wetu wanne. Mmoja alisema baba avae glavu. Mwingine akasema aweke mikono juu ya kofia, halafu kofia ivalishwe mtoto. Siku ya tatu akaja shangazi mkubwa wa mwami, bibi mwenye jino moja na sauti ya mwanaume, akakaa chini akacheka.

"Mnasumbukia nini? Mtoto wa mwami akiumwa kichwa, mganga anamkanda nani? Anamkanda mtoto mwingine, na hao watoto wawili wameshikana mikono. Dawa inajua njia."

"Na wanapona?" baba akauliza.

"Wengine," bibi akasema.

Basi wakatafuta kichwa cha kuazima. Kiwe cha mtoto wa kiume, asiye na ndevu, asiye na kidonda. Kwa kuwa mikono ni ya mchungaji, wakasema na kichwa kiwe cha nyumba yake, asije akapata shida mtoto wa mtu mwingine. Ndivyo nilivyochaguliwa. Mama aliniosha kwa sabuni ya kufulia, akanisugua masikio kana kwamba anataka kuyang'oa.

Mafuta ya zeituni sisi tuliyajua kwa kuyasoma tu. Siku ile walitumia mawese, na kwa sababu ya baridi yalikuwa yameganda, wakayachemsha nje ya kanisa kwenye sufuria ndogo. Moshi uliingia ndani kabla ya sisi. Mimi niliketi kwenye kigoda, Pacifique kwenye kiti cha enzi kilicholetwa kutoka bomani. Alinishika mkono kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika chura, na vidole vyenyewe vilikuwa vimelowa jasho. Halafu baba akasimama nyuma yangu. Mafuta yakaja ya moto, yakaingia sikioni, yakashuka shingoni hadi kwenye shati jeupe ambalo halikutakata tena maisha yake yote. Ile mikono ya tofali ikatua. Ilikuwa inatetemeka. Nilikuwa nimepigwa na mikono ile, nimevushwa mto na mikono ile, lakini kutetemeka kwake sikukujua.

"Bwana, mpokee huyu," baba akasema.

Akanyamaza. Kapita akakohoa, kwa sababu pale palikuwa pa kutaja jina.

"Huyu," baba akasema tena, na mikono ikazidi kuwa mizito. Hakutaja jina. Akasema amina, watu wakasema amina, wakatoa kanzu ya mama kwenye sanduku wakamvika Pacifique. Ilikuwa ndefu. Wakaibana kwa miiba chini, na akitembea alikuwa anajichoma.

Sasa mtoto wa miaka kumi na mmoja mueleze habari ya dawa kujua njia. Mimi niliona jambo moja tu: aliyewekewa mikono ni mimi. Mwenzangu alipewa nguo. Nilikataa kuosha kichwa siku tano, hadi nzi wakawa wananifuata njiani. Nilianza kutembea polepole. Nilibariki mbuzi wa jirani akazaa mapacha, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuniambia kitu. Watoto wenzangu walinilipa mapera, nikawawekea mikono kabla ya mtihani. Wengine walifaulu. Mama akawa ananiita kwa dhihaka, "Monsenyeri, maji hayajatekwa," nami nilikwenda mtoni na ndoo taratibu, kama mtu mwenye madaraka.

Wakati huohuo yule wa nguo alikuwa anaharibu kazi. Kila Jumapili alisoma mstari uleule, ule wa Yesu kulia machozi, kwa sababu ni mfupi kuliko yote katika Biblia. Baba alihubiri, yeye alisinzia, na mate yalishuka kwenye zambarau ya mbuzi wawili. Vikapu vya maharagwe vilikuwa vinapangwa mbele ya kiti chake na baada ya ibada vinabebwa bomani. Baba alibaki kufagia.

Jumapili moja Pacifique alichelewa. Tuliimba wimbo wa kwanza, wa pili, wa tano. Kiti kilikuwa kitupu na watu walikuwa na njaa. Nikaondoka kwenye benchi la watoto, nikaenda nikaketi. Sikufanya mchezo, elewa. Niliinua mkono wa kulia kama nilivyomwona baba akifanya, nikawabariki. Na bibi wawili watatu wa mbele, wale waliozoea kuitikia tu, wakasema amina. Kama wangecheka, jambo lingeishia pale. Ile amina ndiyo iliyofika kwa mwami.

Kesho yake tuliitwa bomani, baba na mimi. Watu walijaa hadi kwenye kuta. Pacifique alikuwa amekaa na kanzu, anatafuna muwa, anatema makapi kwenye kiganja cha mtumishi. Mwami alikuwa mtu wa sauti ndogo, ilibidi watu wote waache kupumua ili asikike.

"Mchungaji," akasema, "siku ile mikono yako uliiweka juu ya nani?"

Nilimwangalia baba. Nilijua atasema. Nilikuwa nimekwisha kuinua kidevu.

"Juu ya mwana wako, mwami."

"Na huyu wako?"

"Huyu alikuwa beseni tu," baba akasema. "Maji yalipita."

Walicheka. Walicheka watu waliokuwa wamekula maharagwe nyumbani kwetu, na kapita, na bibi wa jino moja. Pacifique alicheka hadi maji ya muwa yakamtoka puani, akarudia, "Beseni," kama mtu aliyepewa zawadi. Tangu siku ile jina langu likawa hilo. Beseni, leta mpira. Beseni, umejaa au uko mtupu? Mapera yakaisha. Baba njiani alijaribu kunishika bega, nikalitoa. Hadi leo nakumbuka alivyouacha mkono wake hewani kidogo, kama mtu aliyesahau alichotaka kuchukua.

Sikuzungumza naye mwaka mzima. Halafu lori la viazi likapita, nikapanda juu, na hadithi yangu iliyobaki niliifanya mwenyewe, bila baba, bila askofu, bila mwami. Nilijiapiza kwamba nitakuwa mtu ambaye hakuna wa kumwita chombo. Nikawa. Baba alifagia kanisa lile hadi kufa. Nilituma pesa ya jeneza, na wanasema mlima ule haukuwahi kuona jeneza kama lile. Mimi sikwenda. Nilisema ni shida ya makaratasi ya kusafiria.

Sasa turudi Greyville, kwenye harufu. Kwamba Pacifique yuko Durban nilijua miaka mingi. Wakongo wa hapa hawana siri. Walikuwa wananiambia, askofu wenu wa kwenu yuko ghorofani pale juu ya duka, siku za kazi anatengeneza simu, Jumapili anavaa zambarau. Sikuwahi kupanda. Siku ile nilipanda, na nisiwadanganye, nilipanda ili nimcheke.

Nilimkuta peke yake anapanga viti vya plastiki, vya rangi tatu tofauti. Upara. Tumbo dogo. Miwani iliyofungwa kwa waya. Aliweka chini kiti alichoshika.

"Bahati wa Mchungaji."

"Mwana wa mwami," nikasema. "Ufalme naona umepata ghorofa."

"Boma walilichoma, ndugu yangu. Kaka na mbegu zake, wote. Hapa kodi inanishinda." Akafuta kiti, akanipa. Nilibaki nimesimama. "Umekuja kunicheka. Cheka. Nilikucheka mimi kwanza."

Mtu akikupa ruhusa, utamu unaisha. Nikamuuliza anahubiri nini siku hizi, bado ule mstari wa machozi?

 Alisema, "Nilikwenda kwa mzee wako, unajua? Mwami alipokufa. Nilipanda kwa miguu hadi kanisani, nikamkuta anafagia. Nikavua kofia, nikamwambia, Mchungaji, gusa kichwa, kapita hayuko tena. Nifanye vizuri sasa."

"Akagusa?"

"Alinipa chai. Alinipa kiti kizuri. Halafu akasema, mwanangu, kazi ile niliifanya mara moja, na niliyemweka yuko. Hayuko hapa, lakini yuko." Pacifique akavua miwani. "Nikamuuliza, na ile habari ya beseni? Akaniambia, ningesema nini, mtoto angekula wapi."

Simu yangu ikalia mfukoni. Ilikuwa dereva wangu wa bandarini. Sikuipokea.

Nilitaka kusema kitu cha kumkata mtu yule, ninavyo vingi, wafanyakazi wangu wanavijua.  Yeye akavuta kiti kimoja cha plastiki, cha bluu, akaketi mbele yangu na kuinamisha upara wake.

"Miaka yote hii nawawekea watu mikono, Bahati. Sijui nawawekea nini."

"Mimi ni mtu wa malori," nikamwambia. "Kanisani naenda Krismasi, na natoka kabla ya sadaka."

"Sikukuuliza unaenda lini."

Simu ikalia mara ya pili, ikachoka. Huko chini mtu alikuwa anacheka na mama wa duka. Nikaona shingo ya Pacifique, nyembamba, na ukosi wa shati uliogeuzwa ili upande uliochakaa usionekane. Sikumwonea huruma. Hata sasa simwonei. Lakini kama baba aliniachia kitu kimoja duniani na huyu mjinga ndiye shahidi peke yake, nifanye nini, nikifungie stoo?

Nikaweka mikono. Upara ulikuwa na joto na jasho, kama injini iliyotoka kupanda mlima. Maneno sikuwa nayo, nilikuwa na yale tu.

"Bwana, mpokee huyu," nikasema. Nikanyamaza. Mikono ilianza kutetemeka, na kwa umri huu nikasema ni sukari. "Pacifique," nikasema.

Alilia. Nilimwacha alie, nilikuwa nimechoka kusimama lakini sikuondoa mikono hadi alipomaliza.

Niliposhuka, dereva alikuwa amekwisha kupiga mara saba. Karatasi niliyotakiwa kumtumia kwa simu haikufika, zamu ya lori langu bandarini ikapita, wakamrudisha getini na kontena la mtu. Ofisini kwangu waliniuliza nilikuwa wapi, nikawaambia kwa fundi wa breki. Faini ya zamu, siku ya ziada ya kontena, na dizeli ya safari ya pili, vyote pamoja vilinitoka mimi, kutoka mfukoni mwangu, randi 7,465.